Tulikwenda Kuona Majengo, Tukamwona Mtoto Wetu

Akina mama wenzetu, wapo watu wanaosafiri ili wapumzike, na wapo wanaosafiri ili waukimbie ugomvi wa nyumbani. Sisi wawili, mume na mke, tulipokwenda Italia mwezi Mei 2019 tulijihesabu katika kundi la kwanza. Ukweli ni kwamba tulikuwa katika kundi la pili.

Makala haya tunayaandika pamoja mezani, kalamu moja watu wawili. Tumekubaliana tusiseme ni nani kati yetu aliyetamka neno gani siku zile, kwa maana makosa yalikuwa ya nyumba nzima.

Wanandoa wa parokia yetu walikuwa wamechanga fedha kidogo kidogo kwa miaka mitatu ili kwenda kuhiji Roma. Hija ilipokwisha wenzetu walirudi nyumbani. Sisi tulibaki siku tatu zaidi, kwa kuwa Sista mmoja Mtanzania, aliyekuwa jirani yetu zamani, alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya shirika lake mjini Florence, naye alikuwa ametualika. Kutoka Roma treni ya mwendo kasi ilitufikisha kwa muda wa saa moja na nusu hivi.

Ndani ya mkoba wetu tulikuwa na barua.

Miaka miwili kabla ya safari hiyo, dada yake Baba watoto alifariki dunia akaacha mtoto mmoja wa kiume. Tulimchukua. Tayari tulikuwa na wanne wa kwetu. Mtoto yule hakuwa mkorofi. Alikuwa mkimya, na ukimya wake ulitushinda kuliko ukorofi. Akiitwa anaitika, anakula, anafua sare zake, basi. Alipofika miaka 12, mwezi Machi, fedha za ada zilipotea kabatini, naye akapotea pamoja nazo. Alionekana baada ya siku mbili kwenye kituo cha mabasi, fedha karibu zote zikiwa bado mfukoni. Tulimwuliza alikuwa akienda wapi. Hakujibu. Tulimwadhibu. Hakulia.

Kuanzia hapo nyumba iligawanyika. Mmoja wetu alisema mtoto huyu atawaharibu wenzake, heri apelekwe kituo cha kulelea watoto, huko wapo wenye ujuzi. Mwenzake akasema damu haitupwi. Baada ya majuma kadhaa tulichoka wote wawili, na uchovu ndio ulioandika barua ya kuomba nafasi. Ilikuwa imekwisha kuchapwa, ikisubiri sahihi zetu mbili. Tuliisafirisha mpaka Roma, tukapita nayo mbele ya kaburi la Mtume Petro, na hakuna aliyethubutu kuitaja.

KUBA JUU YA MJI

Florence, au Firenze kama wenyeji wanavyouita, ni mji ulio kando ya mto Arno. Miaka 600 iliyopita ulikuwa mji wa mabenki, wafumaji wa sufu na wafanyabiashara wa hariri. Hapo ndipo yaliposhamiri mambo ambayo wataalamu huyaita Renaisansi, maana yake kuzaliwa upya. Sista alitueleza kwa maneno mepesi. Alisema mafundi wa wakati ule walirudi kuyatazama majengo na sanamu za Warumi wa kale, wakajifunza vipimo vyake. Kisha wakamtazama binadamu jinsi alivyo: mwili wake, huzuni yake, na mtoto aliye mikononi mwake.

Siku ya kwanza alitupeleka kwenye Kanisa Kuu la Santa Maria del Fiore. Ujenzi wake ulianza mwaka 1296. Karne moja na zaidi ilipita, kuta zikasimama, lakini juu ya altare palibaki wazi, upana wa mita 45 hivi, na hapakuwa na mtu aliyejua namna ya kupafunika. Sisi tuliojenga kidogo kidogo kwa mikopo ya chama tunajua adha ya kuishi na nyumba isiyopauliwa, jirani wakikuuliza kila Jumapili, "Bati lini?" Fikirini basi mji mzima, tena mji wa matajiri, una kanisa lisilofunikwa!

Mwaka 1418 yalitangazwa mashindano ya kutafuta fundi. Akajitokeza Filippo Brunelleschi, mtu aliyejifunza ufuaji wa dhahabu, akasema ataliweka kuba pale juu bila kutanguliza kiunzi kikubwa cha mbao cha kulishikilia. Kazi ilianza mwaka 1420, ikakamilika mwaka 1436, isipokuwa kijumba cha kileleni, ambacho kilimalizika baada ya yeye kufa.

Tulipanda. Ngazi ni 463, na Baba watoto alizihesabu kwa sauti mpaka ya 200, akaishiwa pumzi akahesabia moyoni. Hapo katikati tulielewa siri ya fundi yule. Kuba si moja, ni mawili, moja ndani ya jingine, na njia ya kupandia inapita katikati yake. Ukutani tuliyaona matofali yamepangwa kama mifupa ya samaki, mengine yamelala na mengine yamesimama, yakipishana jinsi msukaji wa mkeka anavyopishanisha ukindu. Tofali lililosimama linalishika lile lililolala lisiteleze kabla chokaa haijakauka. Kila safu ikijifunga inaibeba safu inayofuata. Inakadiriwa kuwa matofali yake yanazidi milioni nne, na vifaa vilipandishwa kwa mtambo uliozungushwa na ng'ombe. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hatukuwahi kuona kibaba cha namna ile.

Kileleni upepo ulitupiga. Mji wote ulikuwa chini yetu, mapaa mekundu ya vigae hadi vilimani. Mama watoto alisema, "Wanaume wale walipanda huku kila asubuhi, na wake zao chini wakitazama." Tukakaa kimya tukiwafikiria wake za mafundi.

Tuliposhuka, ndani ya kanisa, Sista alituonyesha ukutani sanamu ya mzee mwenye kichwa cha upara. Ndiye Brunelleschi mwenyewe, aliyefariki mwaka 1446 na kuzikwa humo humo. "Amechongwa na Buggiano," Sista alisema, "mwanawe wa kulea. Habari zake nitawasimulia keshokutwa, mahali panapostahili."

Mbele ya kanisa kuu kuna nyumba ya ubatizo, na milango yake ya mashariki ni ya shaba iliyopakwa dhahabu. Lorenzo Ghiberti aliifanyia kazi tangu mwaka 1425 hadi 1452, miaka 27, muda wa kutosha mtoto azaliwe, akue na kuoa. Ina vibao kumi vya habari za Agano la Kale. Mafuriko ya mwaka 1966 yaling'oa vibao vitano kati ya hivyo. Baadaye vyote vilisafishwa na kuwekwa katika jumba la makumbusho la kanisa kuu, na mlangoni zikawekwa nakala. Tulikwenda kuviona vile vyenyewe.

Tulisimama sana mbele ya kibao cha Yakobo na Esau. Isaka anamtuma Esau kuwinda, na upande mwingine Rebeka anazungumza na Yakobo. Ghiberti ameyaweka yote katika kibao kimoja, matao na nguzo zikirudi nyuma kana kwamba shaba ile ina vyumba. Lakini sisi hatukutazama matao. Tuliwaona mume na mke katika nyumba moja, kila mmoja na mtoto wake, kila mmoja na siri yake. Mmoja wetu aliugusa mkoba. Mwenzake aliona, akageuza uso.

JIWE LILILOACHWA

Siku ya pili tulikwenda kuiona sanamu ya Daudi iliyochongwa na Michelangelo. Tangu mwaka 1873 imewekwa katika jumba la Accademia, na urefu wake unazidi mita tano. Tukiri kwamba tulipoingia tuliona haya, kwa kuwa Daudi yule hana nguo hata moja. Mama watoto alitazama kwanza miguu, kisha akarukia uso. Sista alicheka akasema wageni wengi kutoka kwetu hufanya hivyo hivyo.

Ukimtazama usoni, haya inakwisha. Huyu si Daudi aliyekwisha kushinda, mwenye kichwa cha Goliathi miguuni. Wataalamu wengi husema huyu ni Daudi kabla ya pambano, ameshika teo begani, paji la uso limejikunja. Ni kijana ambaye bado hajajua mambo yatakwishaje.

Lakini kilichotushika ni habari ya jiwe lenyewe. Marumaru ile haikuchimbwa kwa ajili ya Michelangelo. Katika miaka ya 1460 mchongaji mwingine, Agostino di Duccio, aliianza akaiacha. Ikabaki uani mwa kanisa kuu kwa miongo kadhaa, imepigwa mvua na jua, na wengi waliiona kuwa imeharibika. Mwaka 1501 Michelangelo, akiwa na miaka 26, alikabidhiwa jiwe hilo hilo. Kufikia mwaka 1504 Daudi alikuwa amesimama.

Sista alipomaliza kusimulia hatukusema kitu. Tulikaa kwenye benchi. Kuna mambo ukiyasema hadharani huwezi tena kuyarudisha mkobani.

Jioni tulipita katika konventi ya zamani ya San Marco, ambako Mdominiko Fra Angelico na wasaidizi wake walichora picha juu ya lipu mbichi katika vyumba vya watawa, katika miaka ya 1440 hivi. Kila chumba ni kidogo kama stoo, kina dirisha moja na picha moja. Juu ya ngazi kuna picha ya Malaika akimpasha Maria habari. Hakuna fahari yoyote: baraza tupu, kigoda cha mbao, msichana aliyekunja mikono. Chini yake yameandikwa maneno ya kumkumbusha apitaye asisahau kumsalimu Mama wa Mungu. Tulisali Salamu Maria kwa Kiswahili, sauti ya chini, sisi watatu. Maria naye aliletewa mtoto ambaye hakuwa katika mipango ya nyumba yake, na Yosefu akamlea mtoto asiyemzaa. Mambo haya tumeyasikia tangu Komunyo ya Kwanza, lakini jioni ile yalikuwa kama tumeyasikia upya.

WATOTO WA BULUU NA NYEUPE

Siku ya tatu Sista alisema, "Leo nawapeleka kwa watoto."

Kuna uwanja mmoja mjini Florence uitwao Santissima Annunziata. Upande mmoja wa uwanja, juu ya ngazi kadhaa, limesimama jengo refu lenye baraza ya matao tisa. Nguzo zake nyembamba ni za mawe ya kijivu, kuta ni nyeupe, basi. Hakuna dhahabu. Brunelleschi alilianza mwaka 1419, mwaka mmoja kabla ya kuanza kuba, na watu wa historia hulitaja miongoni mwa majengo ya kwanza kabisa ya Renaisansi. Sista alituonyesha kwamba nafasi kati ya nguzo na nguzo ni sawa na urefu wa nguzo, tena ni sawa na kina cha baraza. Kipimo ni kimoja kila upande. Ndiyo maana ukiingia chini yake moyo unatulia bila kujua sababu.

Tulimwuliza, "Hili lilikuwa jumba la tajiri gani?"

"Lilikuwa la watoto waliotupwa," alijibu.

Jina lake ni Ospedale degli Innocenti, yaani Hospitali ya Wasio na Hatia, kwa kumbukumbu ya watoto waliouawa na Herode. Fedha za kuanzia zilitoka kwa Francesco Datini, mfanyabiashara wa mji wa Prato, aliyefariki mwaka 1410 na kuacha katika wosia wake florini 1,000 kwa ajili ya watoto hao. Mkewe, Margherita, hakujaliwa kuzaa, lakini alimlea binti ambaye mumewe alimzaa na mwanamke mwingine. Chama cha wafanyabiashara wa hariri ndicho kilichochukua jukumu la ujenzi na uendeshaji. Milango ilifunguliwa mwaka 1445, na tarehe 5 Februari mwaka huo aliletwa mtoto wa kwanza, msichana, akapewa jina la Agata Smeralda.

Juu ya nguzo, kati ya tao na tao, kuna maduara ya udongo wa kuchoma yaliyopakwa rangi ya kung'aa. Yaliwekwa mwaka 1487, kazi ya Andrea della Robbia. Katika kila duara la buluu kuna mtoto mchanga mweupe, amefungwa vitambaa kuanzia kiunoni kwenda chini. Kila mmoja ana sura yake. Lakini wote wamekunjua mikono, viganja wazi. Mama yeyote anaifahamu mikono ile. Ni ya mtoto anayetaka kubebwa.

Tulizitazama mpaka shingo zikauma. Hapo Sista akasimulia habari ya Buggiano.

Brunelleschi hakuoa. Mwaka ule ule wa 1419 alipoanza kuwajengea watoto wa mji, alimchukua nyumbani kwake mtoto mdogo wa kiume aitwaye Andrea, kutoka mji mdogo wa Buggiano, akamlea na kumfundisha uchongaji. Mwaka 1434, kuba likiwa linakaribia kufungwa, kijana yule alitoroka akaenda Naples na fedha na vito vya baba yake mlezi.

Tulitazamana.

"Kisha?" mmoja wetu aliuliza.

"Alirudishwa. Hata Papa Eugenio wa Nne aliingilia kati ili arudi. Na mzee akampokea. Alimwachia urithi wake. Ile sanamu mliyoiona kanisani, sura ya baba yake, ni mikono ya kijana huyo huyo iliyoichonga."

Hatukumwambia Sista kitu. Tulimfuata ndani.

Humo ndani siku hizi mna makumbusho yaliyofunguliwa upya mwaka 2016. Tuliambiwa mengi, na si yote yaliyofurahisha. Hapo mwanzo watoto waliwekwa katika pila la jiwe barazani. Baadaye waliingizwa kupitia dirisha lenye nondo, ili mama asionekane, na dirisha hilo lilifungwa mwaka 1875. Wengi walipelekwa kwa wanawake wa vijijini ili wanyonyeshwe, na wengi walifariki. Waliokua wengi wao walibeba jina la ukoo la Innocenti. Nyumba hiyo haijafa. Inaendelea kuwahudumia watoto na akina mama, na mwaka 1988 ofisi ya utafiti ya UNICEF ilianzishwa katika jengo hilo.

Halafu tukafika kwenye chumba cha droo.

Ni droo ndogo ndogo nyingi ukutani, kila moja ina jina la mtoto. Unaivuta, unakuta kitu kimoja chini ya kioo. Ni vitu ambavyo wazazi waliwaachia watoto wao katika karne ya 19: msalaba mdogo, shanga, kipande cha utepe, medali ya Bikira Maria. Lakini medali nyingi ni nusu. Mama aliikata vipande viwili, akamfunga mtoto nusu moja, nusu nyingine akaondoka nayo. Siku akirudi kumchukua, nusu mbili zitakutanishwa, na itajulikana kuwa huyu ndiye mama na huyu ndiye mwana. Baadhi walirudi. Nusu zilizobaki katika droo zile ni za wasiorudi.

Tulivuta droo ya tatu au ya nne. Mama watoto akaishika meza.

"Baba watoto," alisema. "Kanga."

Wasomaji wapendwa, hapa ndipo tunapotakiwa kueleza jambo tunaloona aibu kulieleza. Mpwa wetu alipokuja kwetu alikuja na mfuko mmoja wa nguo, na chini ya nguo kipande kimoja cha kanga. Doti, kama tujuavyo, ni vipande viwili. Kile cha pili alifunikwa nacho mama yake siku ya maziko. Sisi hatukuuliza. Mtoto alikuwa akikiweka chini ya godoro, na mwezi Februari wakati wa usafi tulikikuta kimechakaa, tukakikata katikati tukafanya matambara ya deki. Aliporudi shuleni alikiona ndooni. Hakusema neno. Majuma matatu baadaye ndipo fedha zikapotea.

Tangu Machi mpaka Mei hatukuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Ilibidi tuvuke bahari, tusimame mbele ya droo za watoto wa watu tusiowajua, ndipo tuyaunganishe. Mkono uliokata ni wa mmoja wetu, lakini aliyepita sebuleni akaona na kunyamaza ni mwenzake.

Tulikaa barazani, chini ya matao, mpaka Sista akaja kutuketia kando. Alipoona barua mapajani mwetu alituuliza, tukamwambia yote. Hakutuhubiria. Alisema tu, "Waliojenga hapa walikuwa na kuba la kufikiria, lakini walianza na watoto." Tuliichana barua ile, na vipande tukavirudisha mkobani kwa kuwa hatukutaka kuuchafua uwanja wa watu.

Usiku tulipiga simu nyumbani. Bibi alimpa mtoto simu.

"Shikamoo Mjomba. Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Tunarudi Jumamosi."

"Haya."

Hayo tu. Lakini hatukuwahi kumpigia yeye peke yake kabla ya siku ile.

TULIPORUDI

Tambara moja lilikuwa limekwisha kuisha. La pili tulilikuta nyuma ya mlango wa stoo, limekakamaa kwa uchafu. Tulilifua mara tatu, tukalipiga pasi, tukalipinda pembeni kwa cherehani. Maandishi yake yalikuwa yamekatwa katikati. Tulimwita chumbani kwetu, tukafunga mlango, tukampa kwa mikono miwili, na tukamwomba radhi. Wapo wazee watakaosema mzazi hamwombi mtoto radhi. Sisi tuliomba.

Aliishika kanga muda mrefu. "Nilijua mmeitupa," alisema.

Tulimwuliza tena, polepole, siku ile kituoni alikuwa anakwenda wapi.

"Kwa mama. Kipande kingine kiko kule."

Kituoni alikuwa ameogopa, hakujua basi ni lipi, naye aliona haya kuuliza.

Desemba mwaka ule tulimpeleka kijijini, nyumba nzima, tukasafisha kaburi na kulijengea kwa matofali. Tusidanganyane kwamba tangu hapo mambo yamekuwa malaika watupu. Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na zipo siku nyingi ambazo ametuudhi nasi tumemwudhi. Lakini ukimya wake siku hizi ni wa mtu mwenye tabia ya ukimya, si wa mtu anayengoja kuondoka. Sasa anatuzidi kimo. Kipande chake cha kanga anakiweka anapojua mwenyewe, na hakuna anayekigusa.

Watu wakituuliza tuliona nini Florence tunawaambia habari za kuba, milango ya dhahabu na Daudi, kwa kuwa ni kazi za ajabu na atakayejaliwa kuziona asizikose. Lakini ninyi akina mama wenzetu tunawaambia hili. Biblia inatufundisha kwamba Mungu ndiye Baba wa yatima, na wengi wetu tuna mtoto wa marehemu nyumbani. Tunamlisha, tunamvisha, tunamlipia ada, tukidhani tumemaliza. Leo jioni, kabla hujafua wala kufanya usafi, mwite umwulize kwa upole: mwanangu, siku ile ulipokuja kwetu, ulikuja na nini? Kisha ukitunze pamoja naye.